Mshiriki Namba Kumi na Saba

Miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu, magari ya aina mbili hayakukauka katika njia ya vumbi ya kwenda Kemambo. Ya kwanza yalikuwa malori ya mawe, na ya pili yalikuwa magari ya watafiti. Malori angalau ulijua yamefuata nini. Watafiti walikuja kila mmoja na lake: huyu anataka kujua kwa nini watoto wanaacha shule na kwenda kuponda mawe, yule anauliza nyumba ina simu ngapi na nani anayeishika, mwingine anapima moshi wa jikoni kwa kidude chenye taa nyekundu. Alikuja hata mmoja akautundika mzigo wa kuni wa Wegesa kwenye mizani, akaandika, akaushusha, akashukuru, akaenda zake. Mzigo huo Wegesa alikuwa ameutoa mbali, saa mbili kichwani, na pole hakupewa.

Wegesa alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, mrefu, mkavu, mwenye kovu la moto mgongoni mwa mkono wa kulia. Shule aliishia darasa la nne. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza ukipanda kutoka barabarani, kwa hiyo kila mtafiti alianzia kwake. Alijibu yote. Alijibu ya elimu, ya teknolojia na ya nishati, akapewa mche wa sabuni au nusu kilo ya sukari, na kila mara ahadi kwamba matokeo yataletwa kijijini. Hayakuletwa hata siku moja. Mwishowe aliyajua maswali kabla hayajaulizwa, akawa anayajibu huku anapepeta ulezi wake.

Jambo ambalo hakuna aliyemuuliza ni mumewe. Nyangwine alikuwa mtu wa mwaloni, pale mawe ya dhahabu yanapooshwa yakishasagwa na mashine ya karasha. Juu ya mteremko unga wa mawe humwagiwa maji, ukashuka juu ya ubao uliotandikwa magunia. Dhahabu kwa uzito wake hunasa kwenye magunia, na mchanga hutiririka kwenda zake. Huo ni mchanga wa juu. Kisha magunia hukung'utwa ndani ya karai, zebaki ikatiwa, na mtu akasugua kwa mikono mitupu mpaka dhahabu ishikane. Masalia ya karai humwagwa kwenye mfereji wa chini, na huo ni mchanga wa chini. Yote miwili watu huiita marudio, kwa sababu yote husubiri fukara mwingine aje kuirudia kuiosha.

Nyangwine alisugua karai na kuichoma zebaki kikaangoni miaka tisa. Mwaka wa saba mikono ilianza kutetemeka. Mwaka wa tisa Wegesa alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, na mwanamume aliyewahi kumwangusha fahali kwa pembe analia kwa aibu. Alizikwa kabla mtafiti wa kwanza hajafika Kemambo.

Baada ya msiba ule Wegesa aliingia kwenye udongo. Kuni zilikuwa zimeadimika, miti yote imekwenda kushikilia kuta za mashimo ya dhahabu, na majiko ya udongo yalipasuka kabla hayajapika mara kumi. Akajaribu hiki, akajaribu kile, mpaka akapata: sehemu tatu za udongo wa kichuguu, sehemu moja ya kinyesi cha ng'ombe, na sehemu mbili za mchanga wa juu, ule uliosagwa na karasha hadi ukawa laini kama unga. Jiko likishafinyangwa halikuachiwa jua. Lilikaushwa kwa moto mdogo wiki tatu, usiku na mchana, mlango umefungwa upepo usije ukalipasua. Ukifuata hivyo, mzigo wa kuni wa siku mbili ulikwenda siku tano. Wanawake walitoka mpaka Nyamwaga kuja kufinyangiwa.

Mchanga wa chini hakuugusa kabisa. Kuku wake wawili walikufa kwa kuparua mfereji ule, na kila akiuona uking'aa kijivu aliiona mikono ya Nyangwine. Alfajiri alikuwa akipanda na ndoo yake mpaka juu ya mteremko, anachota, anarudi. Hakumweleza mtu sababu, na hakuna aliyeuliza.

Ndipo akaja Waitara.

Huyu hakuwa mgeni wa kukaribishwa kwa shingo upande. Alikuwa mtoto wa Nyamwaga, amezaliwa na mama aliyejulikana, amepelekwa shule, amefika chuo kikuu, na sasa anatafuta shahada ya kumfanya aitwe daktari bila kushika sindano. Alisalimia shikamoo kabla hajafunga mlango wa gari, akaingia kwenye Kikurya bila kukwama. Wegesa alifurahi mpaka akaona haya kwa furaha yake. Alimwambia alale pale pale, ya nini kwenda kulala hotelini Tarime na wewe ni wa nyumbani?

Waitara akakaa wiki tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wegesa alimpa udongo aukande. Alikula ugali wa ulezi na maziwa mgando, na siku alipochinjiwa mbuzi alikunywa kichuri, ile supu chungu ya matumbo, mpaka akakung'uta bakuli. Alipima jiko kwa futi kamba, akapima joto, akapima kuni, akapiga picha. Aliuliza maswali arobaini na moja. La mchanga unatoka upande gani halikuwamo, na alfajiri Wegesa alipokuwa akipanda na ndoo mtafiti alikuwa bado anakoroma. Kwenye karatasi yake akaandika: marudio, sehemu mbili. Siku ya kuondoka alimshika Wegesa mikono yote miwili.

"Mama, jiko hili litakutoa," alisema. "Jina lako litafika mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika."

Wegesa hakuwa ameomba. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki. Mwanamke aliyesaini makaratasi ya watu miaka yote hiyo alianza kutamani, kwa siri, kuliona jina lake kwenye karatasi moja iliyo yake.

Ikapita miaka minne. Binti yake, Gati, alikuwa chuo cha ualimu, na likizo moja akarudi na nakala kivuli ya kitabu alichokikuta maktaba. Jalada lilikuwa na picha ya jiko na mikono miwili ikilisawazisha mdomo. Kovu lilikuwa pale pale mgongoni mwa mkono wa kulia. Kichwa kilikuwa kimekatwa juu ya kidevu.

Gati alisoma kwa sauti, mama yake amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Jiko lilikuwa limepewa jina: Jiko Waitara. Ukurasa wa shukrani ulikuwa mrefu. Wameshukuriwa wasimamizi, wafadhili, mke, mkwe, na dereva aliyeendesha gari. Wegesa alisubiri. Gati akafungua mbele, akafungua nyuma, akampata mama yake kwenye jedwali: Mshiriki namba 17, mwanamke, miaka 50 hadi 59, elimu darasa la nne. Pembeni yake imeandikwa kwamba mshiriki huyu "alionesha utayari wa kupokea teknolojia mpya".

Kupokea! Aliyefinyanga ndiye aliyepokea. Wegesa hakulia, maana machozi yake yalikwisha na Nyangwine. Alimwambia Gati asome tena sentensi ile, na tena, mpaka binti akakataa.

Desemba watu wote wa mijini hurudi kwao, na Waitara naye alirudi Nyamwaga, ameongezeka mwili, anaitwa Dokta. Wegesa alikwenda kwa miguu. Alimkuta kwa baba yake chini ya turubai, na watu wengi, na nyama. Alimuuliza mbele ya watu, bila kupaza sauti, jina lake liko wapi. Waitara alicheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Akaeleza kwamba utafiti una maadili yake, majina ya washiriki hayatajwi, ni kwa ajili ya kuwalinda.

"Na jina lako," Wegesa akauliza, "maadili hayakulilinda?"

Watu walicheka. Waitara akaingia ndani, akatoka na fulana yenye picha ya jiko, akamvisha begani kama zawadi. Wegesa aliondoka nayo. Tangu siku ile ilikuwa kitambaa cha kushikia sufuria.

Alipeleka shauri lake kwenye iritongo, baraza la wazee, hapo ambapo hata mwizi sugu wa ng'ombe hutapika aliyoyaficha. Wazee walimsikiliza, na mmoja wao akamjibu kwa upole wa kuudhi. Ng'ombe akiibwa, alisema, tunafuata nyayo. Zikiingia kwenye kijiji cha watu, kijiji hicho kitalipa. Lakini udongo una nyayo gani, mama? Amekuchukulia nini ambacho asubuhi hukukikuta pale pale? Wegesa aliwaambia sawa, atasubiri nyayo. Wakadhani amekubali.

Hawakumjua. Shukrani ya punda ni mateke, hilo kila mtu analisema na kusahau, Wegesa hakusahau. Akifua anamfikiria Waitara, akikamua ng'ombe anamfikiria Waitara. Alimwombea maisha marefu, kwa sababu aliogopa asije akafa kabla hajaaibika. Gati alimsihi aachane na mambo hayo, akaambiwa arudi chuoni akafundishwe kufundisha.

Nyayo zilikuja mwaka uliofuata, nazo zilikuwa za matairi.

Mradi mkubwa ulikuwa umepatikana. Majiko banifu ya shule, ya kubeba sufuria za lita mia mbili, yajengwe kwa utaalamu wa Dokta Waitara, na la kwanza lingejengwa kwenye shule moja upande wa Manchira, huko Serengeti. Kichuguu kipo kila mahali, kinyesi kipo kila mahali, lakini marudio yapo machimboni. Kwa hiyo asubuhi moja Wegesa, akitoka juu na ndoo yake, alikuta lori limesimama kwenye mfereji wa chini, vijana wanne wanapakia kwa makoleo. Aliyewasimamia alikuwa Yassini, fundi mwashi wa Tarime mjini, mtu mstaarabu mwenye kofia nyeupe na futi mfukoni. Alipomwona mama amebeba mchanga alimwendea kama mtu anayetaka uhakika.

"Shikamoo mama. Samahani, mchanga wa marudio wanaosema wa majiko ndio huu?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo maisha ya Wegesa yalipokatika vipande viwili. Ndoo ya mchanga wa juu ilikuwa kichwani mwake. Mfereji wa chini ulikuwa miguuni pake. Maneno matatu tu yangetosha: hapana, panda juu. Yassini angegeuza lori, jiko lingekuwa jiko, na Waitara angepigiwa makofi kwa jiko zuri la mtu mwingine. Wegesa aliiona picha hiyo yote, na makofi yake.

"Marahaba mwanangu," alisema. "Marudio ni marudio."

Yassini alishukuru, akawapigia vijana mluzi waendelee.

Usidhani alikuwa amepoteza akili. Hesabu yake aliipiga kwa makini. Mdogo wake wa mwisho, Agustina, alikuwa ameolewa huko Manchira, akafiwa, na sasa ndiye mpishi wa shule ile ile. Wiki mbili baada ya lori, Agustina alipiga simu kwa furaha: fundi amemaliza, mwezi ujao kuna uzinduzi, wakubwa wa chuo watakuja, mgeni rasmi atawasha moto wa kwanza, na wewe dada uje. Wegesa alikamata maneno hayo, moto wa kwanza. Basi hakuna mtoto atakayedhurika, hakuna mpishi atakayedhurika. Kabla kiberiti hakijawashwa yeye atasimama, mbele ya wakubwa wote, amuulize daktari swali moja tu, lile ambalo daktari mwenyewe hakuliuliza alipokuwa anakunywa kichuri kwake.

Mwezi ule ulikuwa mtamu kuliko mwezi wa harusi yake. Alilala fofofo. Alikula akashiba. Alipokuwa peke yake na ng'ombe alilifanyia swali mazoezi: Dokta, mchanga wa jiko lako umetoka juu au chini? Mara alilisema taratibu, mara kwa ukali, mara kwa upole wa yule mzee wa iritongo. Alimwona Waitara akitokwa jasho. Aliwaona wakubwa wakigeuza shingo. Alicheka peke yake, na ndama wakamtazama.

Na ile kanuni ya wiki tatu za moto mdogo? Ilimpitia, akaifukuza. Aliwajua watu wa miradi. Wao hupaka rangi, hukausha kwa jua, hukata utepe. Nani katika wao angekaa wiki tatu akilea jiko la mwanamke wa darasa la nne?

Siku ya uzinduzi alipanda gari la kwanza, wakavuka daraja la Mto Mara, akafika Mugumu jua halijakaza, kisha bodaboda mpaka shuleni. Bwawa la Manchira lilikuwa limejaa. Mahema yalikuwa yamefungwa, viti vimevalishwa vitambaa, na watoto wanafanya mazoezi ya ngonjera kuhusu nishati. Wegesa alipita kando ya yote hayo mpaka jikoni kumsalimu mdogo wake.

Jiko lilikuwa kubwa, zuri, limepigwa lipu. Alipochungulia ndani ya kinywa chake alikikuta cheusi. Majivu yalikuwa ya wiki nyingi.

Agustina alikuwa amekonda. Alimkumbatia dada yake, akamwekea kikombe cha chai, na chai ikamwagika kwenye sahani, ikamwagika mezani, kikombe kinagonga sahani mpaka Wegesa akakipokea. Agustina akacheka. Akasema ni uchovu tu, na usingizi umepotea, na fizi zinamuuma, maana jiko hili amelilea kama mtoto mchanga. Wiki tatu, dada, usiku na mchana, moto mdogo, mlango na madirisha vimefungwa, nimetandika mkeka wangu hapo hapo. Dokta mwenyewe alikuja mara mbili kukagua. Alisema lazima tufuate kitabu neno kwa neno, wala tusipunguze hata siku moja.

Mara moja tu maishani mwake Waitara alimtii Wegesa, na alichagua mara hiyo.

Wegesa aliitazama mikono ya mdogo wake. Hakuhitaji kipimo chochote kutoka Mwanza. Mikono kama ile aliiuguza kwa Nyangwine miaka miwili.

"Kwa nini hukuniambia unalala humu?" aliuliza.

"Nilitaka nikuoneshe likishakauka," Agustina alisema. "Nilijua ni jiko lako. Nilitaka liwe zuri."

Nje kipaza sauti kilikuwa kimeshaanza kukohoa. Wegesa alimshika mdogo wake mkono, wakatoka, wakaenda kukaa safu ya nyuma. Waitara alizungumza vizuri. Mtu akiwa na kipaji, ana kipaji. Alieleza jinsi elimu, teknolojia na nishati zinavyokutana ndani ya sufuria moja ya uji. Maprofesa watatu waliitikia kwa vichwa. Alipouliza kama kuna swali kutoka kwa wananchi, Wegesa alisimama kabla mshereheshaji hajamaliza.

"Dokta, mchanga wa jiko lako umetoka juu au chini?"

Waitara alimtambua. Tabasamu lake lilipungua kidogo, likarudi. Aliwageukia wageni, akawaeleza kwamba huyu ni mmoja wa mama zetu waliosaidia utafiti, kisha akamjibu kwa sauti ya kumtuliza.

"Mama, marudio ni marudio."

Yassini fundi alikuwa amesimama karibu na nguzo ya hema. Kofia yake nyeupe iligeuka taratibu, na macho yake yakamfuata Wegesa. Siku ile hakuulizwa kitu.

Wegesa akasema yote, isipokuwa ya siku ya lori. Alisema kwa Kiswahili, ili wakubwa wasihitaji mkalimani. Alieleza karai na zebaki, alimtaja Nyangwine, alieleza mchanga wa juu na mchanga wa chini, na kwamba anayelijua jiko hili angeijua tofauti yake. Kisha akauinua mkono wa Agustina juu, na mkono ule ukajieleza wenyewe. Profesa mmoja alivua miwani, akaomba mtu yeyote asiwashe chochote. Mwingine alimuuliza Waitara kama mchanga ulipimwa. Waitara alifungua kitabu chake mwenyewe na kuanza kutafuta ndani yake kitu ambacho hakuwa amekiandika.

Je, Wegesa alifurahi? Alifurahi. Tusimsingizie wema. Alimwona akitokwa jasho hasa kama alivyomwona kule kwa ng'ombe, akaona shingo za wakubwa zikigeuka, na kifua chake kikajaa utamu, wakati vidole vya mdogo wake vinaruka ruka ndani ya kiganja chake. Vyote viwili kwa pamoja. Hiyo ndiyo sehemu ambayo baadaye hakuweza kumwambia mtu.

Mengine yalikwenda haraka. Mchanga ulipimwa, ukakutwa na alichosema. Jiko lilivunjwa kwa nyundo na watu waliovaa barakoa. Mradi ulifungwa, kitabu kikaondolewa maktaba, na Desemba ile Waitara hakuonekana Nyamwaga, wala iliyofuata. Wazee wa iritongo walikuja wenyewe kwa Wegesa, wakakiri kwamba kweli udongo una nyayo. Wanawake wakaliita jiko kwa jina lake, Jiko Wegesa, mpaka mnadani. Aliyoyataka yote aliyapata.

Agustina hakupona. Shule haikuweza kumbakiza mpishi asiyeweza kushika mwiko, na mtoto hakuwa naye, kwa hiyo alihamia Kemambo. Asubuhi Wegesa anampikia uji wa ulezi kwenye jiko la mchanga wa juu, anaupoza, anamlisha kwa kijiko. Agustina humshukuru kila siku. Humwambia kila mgeni kwamba bila dada yake watoto mia nne wangevuta moshi ule. Wegesa hugeukia ukuta, akajifanya anatafuta chumvi.

Mwaka wa pili baada ya uzinduzi alikuja mtafiti mwingine. Aliitwa Zuleha, binti wa muuza vitambaa wa Mugumu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye mtandio uliofungwa vizuri na adabu ya nyumbani. Alipiga goti kidogo kusalimia. Alikuwa anatafiti teknolojia za nishati mashuleni, na hasa lile jiko la Manchira: nani alijua nini, na kwa nini hakusikilizwa. Alieleza kwamba yeye hatafanya kama waliotangulia. Wamebadilisha taratibu. Mshiriki akitaka, jina lake kamili litaandikwa, na kwenye ukurasa wa kwanza litakuwamo kama mgunduzi.

Walikaa barazani. Agustina alikuwa kwenye mkeka, hatua mbili kutoka hapo, anaota jua, mikono ameifunga chini ya khanga itulie. Zuleha aliuliza maswali, na yalikuwa mazuri. Aliuliza hata mchanga unatoka upande gani. Wegesa alijibu huku anapepeta ulezi. Ungo ulikuwa unacheza vizuri mikononi mwake. Ndipo binti akageuza karatasi.

"Mama, hili ni swali la ishirini na tatu. Ulijua lini kwa mara ya kwanza kwamba mchanga wa jiko lile ni wa chini?"

Ungo ukasimama. Miaka yote ile, na magari yote yale, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali moja ambalo jibu lake alikuwa nalo peke yake. Angeweza kusema siku ya uzinduzi. Agustina alikuwa amegeuza uso kusikiliza, anatabasamu, kwa sababu hiyo ndiyo hadithi aliyoipenda.

"Siku lori lilipokuja kuupakia," Wegesa alisema. "Mwezi na nusu kabla. Fundi aliniuliza, nikamwambia ndio wenyewe."

Zuleha aliandika neno la kwanza, kalamu ikasimama. Kwenye mkeka tabasamu la Agustina lilibaki mahali pake kwa muda, kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke, kisha likaondoka. Alitoa mikono yake chini ya khanga, akaiweka mapajani, akaitazama ikicheza. Wegesa hakumtazama.

Zuleha aliuliza swali la mwisho kwa sauti ndogo, kwa sababu lilikuwa limechapwa pale na ilibidi aliulize. Je, mama angependa jina lake liandikwe?

Wegesa aliuinua ungo, akaanza tena kupepeta.

"Andika kumi na saba," alisema.